Fedha za Utafiti Tumizi kuhusu Maendeleo ya Mikoa na Mshikamano wa Kimaeneo Barani Ulaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya wanafunzi, wahadhiri na maofisa mipango ambao, kwa sababu ya masomo, kazi au makazi yao Ulaya, hukutana na jina ESPON na wasielewe upesi ni nani anayemlipa nani, kwa kazi gani na kwa masharti yapi. Mkazo umewekwa kwenye programu hiyo kwa sababu ndiyo inayogharamia utafiti wa aina hii moja kwa moja. Vyanzo vingine vimetajwa pale tu panapohitajika kulinganisha.

ESPON ni nini, na fedha zake zinatoka wapi?

Ni programu ya Umoja wa Ulaya inayolipia utafiti kuhusu jinsi mikoa, miji na vijiji vya bara hilo vinavyobadilika, na jinsi sera zilezile zinavyoyagusa maeneo mbalimbali kwa namna zisizofanana. Ilianza mwaka 2002, na tangu hapo imekwenda kwa vipindi vinavyofuata kalenda ya bajeti ya Umoja: 2002–2006, 2007–2013, 2014–2020 na 2021–2027. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa wa Ulaya, ulioanzishwa mwaka 1975, na kinachobaki huchangiwa na nchi zinazoshiriki. Katika kipindi cha 2007–2013 bajeti ilikuwa euro milioni 47. Robo tatu zilitoka kwenye mfuko huo, na robo iliyosalia ikatolewa na nchi 31, yaani wanachama 27 wa wakati huo pamoja na Iceland, Liechtenstein, Norwei na Uswisi. Kipindi kilichofuata kilikuwa na takriban euro milioni 48.7, ambapo milioni 41.4 zilitoka kwenye mfuko.

Mamlaka ya usimamizi ni wizara ya Luxembourg inayohusika na mipango ya matumizi ya ardhi. Juu yake ipo Kamati ya Ufuatiliaji, ambamo nchi zote zinazoshiriki na Tume ya Ulaya zina wajumbe. Uingereza ilishiriki tangu mwanzo lakini haimo katika programu ya 2021–2027.

Mshikamano wa kimaeneo una maana gani kisheria?

Utangulizi wa Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 ulikwisha kutaja nia ya kupunguza tofauti kati ya mikoa, na Sheria ya Ulaya Moja ya mwaka 1986 ikaingiza mshikamano wa kiuchumi na kijamii katika mikataba. Neno la tatu, la kimaeneo, lilipata nguvu ya kisheria pale Mkataba wa Lisbon ulipoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009. Kifungu cha 174 cha Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya kinaagiza uangalifu wa pekee uelekezwe kwa maeneo ya vijijini, maeneo yanayopitia mageuzi ya viwanda, na mikoa yenye vikwazo vya kudumu vya kimaumbile au vya idadi ya watu, kama vile ya kaskazini kabisa yenye wakazi wachache, visiwa, milima na mipaka ya nchi.

Kifungu hicho hakisemi mshikamano huo upimwe kwa kitu gani. Sheria imetaja lengo bila kutaja kipimo, na pengo hilo ndilo linaloufanya utafiti uwe wa lazima, kwa kuwa serikali haiwezi kugawa fedha kwa kufuata dhana ambayo hakuna aliyeihesabu. Wapo wanaosema kuwa utata huo uliachwa makusudi ili kila nchi isome humo inachokitaka, na hoja yao haikosi uzito: anayetoka kwenye visiwa huona visiwa, anayetoka kwenye mji mkuu huona mtandao wa miji.

Utafiti huu unatofautianaje na ule unaolipiwa na Horizon Europe?

Horizon Europe ni programu kuu ya utafiti na uvumbuzi ya Umoja, iliyopangiwa awali takriban euro bilioni 95.5 kwa kipindi cha 2021–2027. Ndani yake, Baraza la Utafiti la Ulaya humlipa mtafiti kwa swali alilolibuni mwenyewe, akihukumiwa kwa ubora wa kisayansi. ESPON haifanyi hivyo. Humlipa mtafiti ajibu swali ambalo watunga sera wamelitaja, kwa muda mfupi zaidi, na kwa lugha ambayo ofisa wa wizara au halmashauri ataielewa bila mkalimani wa kitaaluma. Mhadhiri anayetaka kuendeleza nadharia mpya ya uchumi wa miji amebisha mlango usio wake. Anayeweza kuchukua nadharia iliyopo, kuijaribu kwa takwimu za mikoa zaidi ya elfu moja, kisha kusema kitu ambacho mpangaji wa mji anaweza kukifanyia kazi, huyo amefika.

Ni nani anayeamua swali la utafiti?

Nchi zinazoshiriki huamua kwa pamoja kupitia Kamati ya Ufuatiliaji, zikizingatia ajenda za Tume na mikutano ya mawaziri wanaohusika na mipango ya maeneo. Mikutano hiyo ilizaa Mtazamo wa Maendeleo ya Maeneo ya Ulaya, uliokubaliwa Potsdam mwezi Mei 1999, na baadaye Ajenda ya Kimaeneo iliyopitishwa Leipzig mwaka 2007, ikahuishwa Gödöllő mwaka 2011 na kupewa sura mpya mwezi Desemba 2020. Katika kipindi cha sasa mada hupangwa kwa mipango ya utekelezaji ya kimaudhui, kama vile maeneo yasiyoongeza mzigo wa tabianchi, uongozi wa jiografia mpya, fursa kwa watu na mahali pote, na uwezo wa maeneo kustahimili majanga.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Mtazamo wa mwaka 1999 ulieleza pembetano yenye pembe zake London, Paris, Milan, Munich na Hamburg, ambayo ilikuwa na asilimia 20 ya eneo la Umoja wa nchi 15, asilimia 40 ya wakazi wake, na ilizalisha takriban nusu ya pato. Kutokana na picha hiyo likazuka swali ambalo programu ya kwanza ilipewa ilijibu: je, Ulaya inaweza kuwa na vituo vingi vya ukuaji badala ya kimoja? Mradi ulioongozwa na taasisi ya Nordregio ya Stockholm ukaainisha maeneo ya kimiji 1,595 na kuyateua 76 kuwa maeneo makuu ya ukuaji. Orodha ya namna hiyo haibaki kuwa kazi ya kitaaluma tu. Kila mwakilishi wa serikali hutazama kwanza kama mji wake umo. Laiti swali la awali lingekuwa kwamba ni wapi mama mjamzito anasafiri zaidi ya saa moja kufikia hospitali, ramani ya kwanza ya ESPON ingekuwa na rangi tofauti kabisa, na mijadala iliyofuata ingekuwa mingine. Anayelipa hachagui majibu, lakini huchagua upande ambao taa inaelekezwa.

Je, fedha hutolewa kama ruzuku au kwa zabuni?

Zamani zilitolewa kama ruzuku, sasa hutolewa kwa zabuni, na mabadiliko hayo ndiyo yanayowachanganya wengi, hasa wanaosoma miongozo ya zamani ambayo bado inapatikana mtandaoni.

Hadi mwisho wa kipindi cha 2007–2013, programu ilitangaza wito wa maombi. Vyuo na taasisi za nchi mbalimbali viliunda kundi la mradi la kimataifa lenye mbia kiongozi, na kundi lililochaguliwa lilirudishiwa asilimia 100 ya gharama zilizokubaliwa. Kwa kulitazama kwa mbali, lilikuwa jambo la ukarimu. Kwa aliyeshika vitabu vya hesabu, lilikuwa kazi ngumu: kila mbia alitumia kwanza fedha zake, akakusanya hati za mishahara, tiketi na risiti, akazipeleka kwa mkaguzi wa ngazi ya kwanza wa nchi yake, kisha mbia kiongozi akaunganisha vyote katika ripoti ya maendeleo ndipo malipo yakafuata baada ya miezi. Taasisi ndogo isiyo na akiba ilijifunza upesi kwamba kugharamiwa kikamilifu na kulipwa kwa wakati ni mambo mawili.

Tangu mwaka 2015 mnufaika wa programu ni mmoja tu, chombo chenye hadhi ya kisheria ya kundi la Ulaya la ushirikiano wa kimaeneo, chenye makao yake Luxembourg na kilichoundwa na Luxembourg pamoja na mikoa mitatu ya Ubelgiji. Chombo hicho hununua utafiti kama huduma. Hutangaza zabuni ya umma yenye hadidu za rejea, kikomo cha bei na vigezo vya tathmini. Mzabuni mwenye uwiano bora wa ubora na bei hushinda. Na malipo hufuata kukabidhiwa kwa kazi iliyokubaliwa, si wingi wa risiti.

Mzigo wa karatasi umepungua sana, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi, kuna kilichopotea njiani. Mwenye ruzuku aliweza kusema katikati ya safari kwamba swali lilikosewa tangu mwanzo. Mwenye mkataba wa huduma ana hadidu za rejea za kutimiza na tarehe ya kukabidhi. Aidha, utaratibu wa zabuni huyapa nafasi nzuri makampuni ya ushauri yenye wataalamu wa kuandika zabuni, ilhali idara ndogo ya jiografia yenye ujuzi wa kina wa mkoa mmoja huishia kuwa mkandarasi mdogo wa mtu mwingine.

Mkataba ukishasainiwa, kazi huendaje?

Kwa kawaida hupita hatua nne za kuwasilisha: ripoti ya kuanzia, ripoti ya kati, rasimu ya ripoti ya mwisho, na ripoti ya mwisho. Kila moja husomwa na msimamizi wa mradi na kikundi cha wajumbe kutoka nchi zinazoshiriki, na maoni yao hujibiwa kwa maandishi. Anayezoea jarida la kitaaluma, ambako wapitiaji ni wanasayansi wenzake, ajiandae kwa maoni ya aina nyingine: kwamba rangi nyekundu kwenye ramani inaiaibisha nchi fulani, au kwamba jina la mkoa limeandikwa kinyume na matumizi rasmi.

Je, mji au halmashauri inaweza kuomba utafiti ufanyike kwa ajili yake?

Ndiyo. Ipo aina ya kazi iitwayo uchambuzi lengwa, ambapo mamlaka za umma kutoka nchi mbalimbali zenye tatizo linalofanana huwasilisha pendekezo la pamoja. Likikubaliwa, programu huwalipa watafiti. Mamlaka zenyewe hazitoi fedha za utafiti bali hutoa muda wa watumishi wao, data za eneo na ushiriki katika mikutano. Sharti la kushirikiana na wenzao wa nchi nyingine huonekana usumbufu, lakini ndilo linalouzuia utafiti usigeuke kuwa kazi ya ushauri ya bure kwa mji mmoja.

Kwa nini mipaka ya maeneo ya takwimu huzungumziwa sana?

Kwa sababu fedha nyingi hupita juu ya mipaka hiyo. Umoja wa Ulaya hutumia mfumo wa kugawa maeneo uitwao NUTS, uliowekewa kanuni mwaka 2003 na wenye ngazi tatu. Ngazi ya pili, yenye maeneo ya takriban watu 800,000 hadi milioni 3, ndiyo inayoamua kiasi cha msaada: mkoa wenye pato la ndani kwa kila mtu lililo chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja huhesabiwa kuwa haujaendelea vya kutosha na hupata zaidi, kati ya asilimia 75 na 100 ni mkoa wa mpito, juu ya hapo ni mkoa ulioendelea.

Sasa tazama Poland. Mkoa wa Mazowieckie una Warsaw ndani yake, na utajiri wa mji huo uliupandisha mkoa mzima hadi ukawa, katika kipindi cha 2014–2020, mkoa pekee wa Poland uliohesabiwa kuwa umeendelea, ingawa wilaya zake za mbali ni za wakulima wenye kipato kidogo. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kitakwimu: tangu mwaka 2018 Warsaw na viunga vyake vimetengwa kuwa eneo moja, na sehemu iliyobaki kuwa eneo jingine, ambalo katika kipindi cha 2021–2027 limerudi katika kundi la mikoa isiyoendelea vya kutosha. Hungaria ilifanya vivyo hivyo kwa kuutenga mji mkuu wake, Budapest, na eneo la Pest linaouzunguka. Hakuna barabara iliyojengwa wala kiwanda kilichofungwa siku mpaka ulipobadilishwa, lakini haki ya kupata fedha ilibadilika.

Kipimo chenyewe cha pato kwa kila mtu kina mitego yake. Katika takwimu za mwaka 2016, London ya ndani upande wa magharibi ilionyesha asilimia 611 ya wastani wa Umoja. Hiyo haina maana kwamba mkazi wa hapo alikuwa tajiri mara sita: thamani huzalishwa na watu wanaoingia kufanya kazi asubuhi na kuondoka jioni, kisha hugawanywa kwa idadi ya wale tu wanaolala hapo. Luxembourg nayo huongoza orodha za nchi za Umoja huku wafanyakazi zaidi ya 200,000 wakivuka mpaka kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jasho la watafiti wa ESPON humwagika kwenye kazi isiyo na sifa, ya kuoanisha takwimu za miaka tofauti zilizokusanywa kwa mipaka tofauti. Anayepanga bajeti ya mradi na kuitengea kazi hiyo wiki mbili hajawahi kuifanya.

Je, fedha hizi ni nyingi?

Sera ya mshikamano yenyewe, ile inayoipa mikoa fedha za maendeleo, ilikuwa na takriban euro bilioni 352 katika kipindi cha 2014–2020. Ukilinganisha na bajeti nzima ya ESPON ya miaka hiyo, ni kama senti 1.4 ya utafiti kwa kila euro 100 zilizokwenda kwenye sera.

Utafiti huu umebadilisha chochote?

Ni vigumu kuonyesha ripoti moja iliyozaa sheria moja, na anayedai hivyo huwa anauza kitu. Kinachoonekana ni mabadiliko ya polepole katika namna ya kufikiri. Zamani pembezoni ilimaanisha ncha za bara: kaskazini ya Ufini, magharibi ya Ureno, visiwa vya Ugiriki. Utafiti wa ESPON kuhusu pembezoni za ndani, uliofanywa mwaka 2016 na 2017, ulionyesha maeneo yaliyo katikati ya Ulaya, pengine karibu na barabara kuu, ambayo wakazi wake wako mbali na hospitali, shule za sekondari na vituo vya treni. Italia ilikuwa imetangulia: Fabrizio Barca, alipokuwa waziri wa mshikamano wa kimaeneo kati ya 2011 na 2013, alianzisha mkakati wa maeneo ya ndani unaopanga manispaa kwa kuhesabu dakika za safari hadi kwenye huduma hizo tatu. Kipimo cha dakika kinamfikia mwananchi kuliko kipimo cha pato.

Kura ya maoni ya Uingereza ya mwaka 2016 iliongeza uzito wa jambo hili. Cornwall, iliyokuwa miongoni mwa maeneo ya Uingereza yaliyopata fedha nyingi za Umoja, ilipiga kura ya kujitoa kwa asilimia 56.5. Fedha zilifika, hisia ya kusahauliwa haikuondoka. Tangu hapo watafiti kama Andrés Rodríguez-Pose wa London wamesisitiza kwamba kudorora kwa muda mrefu kwa eneo ni suala la kisiasa na si la kiuchumi pekee.

Mtafiti kutoka Afrika Mashariki anaweza kushiriki?

Kwa kawaida mtu binafsi haombi. Taasisi au kampuni ndiyo inayowasilisha zabuni. Mtafiti wa Kitanzania au Kikongo aliyeajiriwa na chuo cha Lisbon au Leuven hushiriki kama mwenzake yeyote wa idara hiyo, na uraia wake hauingii kwenye alama za tathmini. Chuo kilichopo Nairobi au Dar es Salaam kitafaidika zaidi kikielekeza nguvu kwenye Horizon Europe, ambako taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, zinastahili kulipwa na Umoja zinapojiunga na ubia uliochaguliwa.

Je, kuna eneo la Umoja wa Ulaya lililo karibu na pwani yetu?

Lipo, na wengi hulisahau. Mayotte, kisiwa cha Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa na ambacho serikali ya Moroni inaendelea kukidai, kimekuwa mkoa wa mbali wa Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2014. Wakazi wake wengi huzungumza Shimaore, lugha ndugu ya Kiswahili. Pato lake kwa kila mtu katika takwimu za karibuni ni chini ya theluthi ya wastani wa Umoja, na hivyo hukaa mkiani mwa orodha ya mikoa ambayo Luxembourg huwa karibu na kilele chake.

Kwenye ramani za ESPON, Mayotte huwekwa ndani ya kisanduku kidogo pembeni, pamoja na Réunion, Guyana ya Kifaransa, Martinique, Guadeloupe, Azores, Madeira na Visiwa vya Kanari. Vipimo vingi havikutungwa kwa ajili yake. Kipimo cha ufikivu kinachohesabu saa za safari kwa barabara na reli kuelekea mamilioni ya wakazi wa bara hakina la maana la kusema kuhusu kisiwa cha Mlango wa Msumbiji, ambacho jirani zake wa kweli ni Anjouan na Madagaska. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu ambayo lugha yake itamfungulia milango angefanya vyema kuanzia hapo.

Ripoti na data hupatikana wapi, na kwa gharama gani?

Ripoti, ramani na data za miradi huchapishwa kwenye tovuti ya ESPON bila malipo, nyingi kwa Kiingereza. Kila nchi inayoshiriki huwa na ofisi ya mawasiliano ya programu, mara nyingi ndani ya chuo au wizara, ambayo hujibu maswali na kuandaa semina kwa lugha ya nchi hiyo. Anayetumia ramani atangulize kusoma maelezo yaliyoandikwa chini yake: mwaka wa data, ngazi ya maeneo na toleo la mipaka lililotumika.